Picha Kumi na Mbili za Kanisa la Mawe Meusi

Baba Paroko wetu, Bwana Président wa Kamati ya Jubilei, masista, wazee wa parokia, papa na mama mlioketi mbele, na ninyi ndugu zangu mliokosa viti mkasimama nyuma: amani iwe kwenu.

Nimeambiwa niseme dakika tano, nishukuru, nipokee zawadi, nikae. Kwa miaka thelathini na moja nimekuwa sakristani wa Kanisa la Mawe Meusi, na kila nilichoambiwa nilikitii. Leo nastaafu, basi leo sitatii.

Mnakumbuka jubilei ya mwaka jana. Kamati ilitaka kitabu chenye picha mpya ya ndani ya kanisa, kwa sababu ile inayopigwa kutoka mlangoni kuelekea altare iko kwenye kila kalenda ya Goma. Wakamwita Léonie, binti wa Butembo mwenye studio yake mtaa wa Murara. Wakati huo familia arobaini na tatu zilizokimbia vita kutoka Masisi zilikuwa zinalala humo, katikati ya mabenchi, maana kule kambini Mugunga hapakuwa tena na nafasi. Kamati ikaagiza watolewe kabla mpiga picha hajafika.

Nani aliwatoa? Si Kamati. Ni mimi, Honoré, kwa mikono hii. Mvua ilikuwa inanyesha. Mmoja wao, Mama Nyiramahirwe, alinieleza kwa upole kwamba mama yake mzazi ana homa, hawezi kusimama. Nikamjibu kuwa ni saa mbili tu. Kisha nikafagia mahali walipokuwa wamelala.

Léonie alipoingia alitazama dirishani, akawaona watu wamejibana ukutani, mikeka vichwani. Akaniuliza ni akina nani. Nikasema ni wakimbizi, watarudi baadaye. Akaifunika kamera yake.

"Papa Honoré," akasema, "fungua mulango. Nyumba ya Mungu yenye haina watu, mimi siwezi kuipiga foto."

Nikafungua. Wakarudi, kila mmoja mahali pake. Léonie hakusimama mlangoni wala hakupanda ngazi. Alimwomba Mama Nyiramahirwe ruhusa, akajilaza chali mkekani kando ya yule bibi mgonjwa, akamuuliza kutoka pale anaona nini. Bibi akamwonyesha boriti za paa. Alikuwa amezihesabu: kumi na tisa, na kila usiku kila moja aliisalia Salamu Maria yake. Mimi niliyefuta vumbi humo miaka yote hiyo sikuijua idadi yake. Léonie akapiga. Akahamia mkeka mwingine, chini ya benchi, mahali ambapo alama za penseli za maseremala wa kwanza zingali zinaonekana. Akapiga. Picha kumi na mbili, kila moja kutoka pale ambapo mtu aliweka kichwa chake.

Kamati ikazikataa. Bwana Président, ulisema zinatuaibisha. Zinamwaibisha nani? Aliyelala sakafuni, au aliyemtoa? Kitabu kikachapishwa na picha ileile ya kalenda, na binti huyu mkamwambia hajui kazi.

Yule bibi alifariki siku ya tisa baada ya kupigwa picha hizo. Sisemi ni mvua iliyomuua. Mimi si daktari. Nasema nilimtoa nje na homa yake ili mabenchi yapendeze, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumwomba radhi binti yake. Mimi nimekwenda juzi tu, mwaka mzima umepita. Mama Nyiramahirwe amesimama pale nyuma. Aliniambia:

"Ya kwangu nimekusamehea, muzee. Ya mama yangu, sina ruhusa."

Zawadi yenu naiona pale mezani: picha ya kalenda, imekuzwa, imetiwa fremu ya dhahabu. Nawashukuru. Siichukui.

Leo asubuhi, ufunguo ungali wangu, mimi na Léonie tumezipanga zile kumi na mbili ndani ya kanisa. Hatukuzitundika juu. Tumeziegemeza ukutani, chini kabisa, usawa wa macho ya mtu aliyelala. Mkitoka hapa salle, ukumbini humu, piteni kanisani. Anayetaka kuziona ainame. Na wewe, Bwana Président, ukitaka kuziondoa, itabidi kwanza upige magoti.

Kwa kunivumilia hadi neno hili, aksanti sana.