Mvua ya Mawe Haikuanzia Nairobi

Benchi liko palepale, nje ya kibanda cha kuuzia majani ya chai, upande wa chini wa Mogogosiek. Ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe, umelainishwa na makalio ya watu wanaongoja lori. Chai imejaa kila upande mpaka macho yanachoka, ndiyo maana hapo watu hunywa kahawa. Kahawa ni ya Jerusa, mama wa watu wa ziwani aliyekuja huku kuchuma majani akiwa msichana na hajaona sababu ya kurudi. Wateja wake wa kila siku ni watatu, na kila mmoja ana jina la benchi. Nati ni Mzee Kuria wa duka la vyuma. Honi ni Bogonko, aliyeendesha lori la majani mpaka lori likamshinda. Mizani ni Kipruto, karani mstaafu wa kupima majani. Asubuhi hiyo wote walikuwa wamekasirika, na kwa mara ya kwanza hawakuwa wamekasirikiana.

Kosa lilikuwa la redio. Mtangazaji mmoja, mwenye sauti laini kama mafuta ya kujipaka, alikuwa amesema kwamba Mvua ya Mawe, ile bendi ya roki inayojaza viwanja mpaka ng'ambo, ilizaliwa Nairobi. Eti wavulana watatu na msichana mmoja wasiojuana walikutana studio, wakatazamana, wakaanza kupiga. Na Jumamosi watapiga Kericho. Jerusa alikuwa akimimina kahawa alipoyasikia hayo, akaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika. Mpiga ngoma wa bendi hiyo ni Quinter, binti yake. Tangu aondoke hajakanyaga Mogogosiek, na sasa ndio wameamua kumtafutia mahali pengine pa kuanzia.

— Studio gani? alisema Nati. Hao watoto walianzia dukani kwangu. Nyuzi za gita walifanya na waya ya breki ya baiskeli. Waya ya nani? Yangu. Bila mimi wangepiga kamba ya mbuzi.

— Ukawauzia, halafu ukawafukuza walipoijaribu mlangoni, alisema Jerusa.

— Niliwafukuza na heshima.

Honi akaweka kikombe chini. Kwake yeye hadithi ilikuwa wazi: bila lori kuchelewa, hakuna bendi. Yeye alikuwa anakwama matopeni kule Kapkatet, watu wanangoja hapa tangu jua la utosi mpaka ng'ombe wanarudi zizini, na mtoto aliyechoka kungoja lazima atafute kitu cha kufanya. Tena, alisema, sauti yao ya kwanza waliitoa kwa honi yake. Walikuwa wakiisikia ikipanda kilima, wanaifuatisha kwa mdomo. Angekuwa mtu wa kujisifu, leo angejiita mwanabendi wa tano.

— Wewe ulikuwa unachelewa juu ya mwanamke wa Kapkatet, alisema Nati.

— Alikuwa mgonjwa.

— Ugonjwa gani huo unashika mtu siku ya majani tu?

Mizani alikuwa amengoja zamu yake kwa uvumilivu wa karani. Wenzake, alisema, wanaongea juu ya vitu vidogo. Ilikuwa radi. Siku ile mvua ya mawe ilipotoboa majani shamba zima, radi ilipiga mabati ya kibanda hiki, na hao wanne walikuwa wameshikilia nguzo ya chuma. Umeme ukawaingia, haujatoka mpaka leo. Ndiyo sababu gita zao ni za stima, na ndiyo sababu bendi ikaitwa vile.

— Na wewe siku hiyo ulikuwa umeshika nini? aliuliza Jerusa.

— Mizani.

— Ya mbao?

— Ya chuma.

— Na hata kupiga mluzi hujui.

Benchi likacheka, lakini Jerusa hakucheka. Alikuwa amechoka kusikia mtoto wake akizaliwa kila mahali isipokuwa mahali alipozaliwa. Akawaambia kile ambacho wote walikijua. Laini ya kungoja kupimiwa kwenye kibanda hiki si ya watu, ni ya magunia. Unaliweka lako nyuma ya la aliyekutangulia, unaenda kukamua, unaenda kufua, unaenda hata kujifungua, ukirudi nafasi yako ni yako. Kugusa gunia la mwenzako ni kama kumfunulia sufuria jikoni kwake. Na aliyekuwa akifika kabla ya umande kukauka na kuwapangia majirani ni yeye, Jerusa. La Quinter, la Chepyegon, la Eugene, la Clifford, yote pamoja. Hakuwapanga hivyo juu ya muziki. Magunia ya watoto yalikuwa madogo, hayakuziba njia.

— Walikutana kwa sababu nilipanga magunia yao pamoja, alisema. Hakuna radi. Halafu Quinter akagundua gunia lililojaa linalia vizuri kuliko ngoma ya kanisa.

— Na majani yakapondeka, alisema Mizani, taratibu.

Hapo kila mtu akapata kitu cha kutazama barabarani. Maana haikuwa gunia la Quinter peke yake. Siku ile lori lilipochelewa kupita kiasi, Quinter alipiga laini nzima, gunia hadi gunia, wenzake wakimfuata na gita zao za waya, na watu wazima wakipiga makofi, wasifikirie. Majani yaliyopigwa hushika joto. Lori lilipofika, Mizani aliingiza mkono, akatoa majani mekundu kama maharagwe, akakataa laini yote. Yakamwagwa kando ya barabara, hata mbuzi wakayakataa. Watu wakasema magunia ya watoto hao yasionekane tena hapa.

— Wewe ndiye ulikataa, alisema Jerusa. Usijifanye umesahau.

— Nilikataa majani, Mama Quinter. Gunia la mtoto sikutoa mimi kwa laini. Lilitolewa na nani?

Jerusa alifuta birika ambalo halikuwa chafu. Mkono uliolitoa ulikuwa wake. Tena ilikuwa zamani sana mtu alipomwita Mama Quinter kwenye benchi hili.

Ndipo gari likasimama, akashuka msichana mwenye viatu vyeupe vilivyokwisha kuharibika. Alisema anaitwa Shirley, anafanya kazi na Mvua ya Mawe, ametangulizwa. Wazee watatu wakamwangukia kama njaa: waya, honi, radi, na mtangazaji yule mwongo anayefaa kushtakiwa. Shirley aliwaacha wamalize.

— Mtangazaji hajadanganya, wazee. Hiyo story ya studio walimpea wenyewe. Quinter ndiye alisema waseme hivyo. Alisema huku hakuna kwao.

Shirley akamgeukia mwenye kahawa.

— Lakini wakienda Kericho watapita hapa, shosho. Ameniambia niulize kitu moja tu, nirudi na jibu. Akishuka hapa Jumamosi, gunia yake ataweka wapi?

Nati akatazama kikombe. Honi akatazama kilima. Mizani, ambaye maisha yake yote alikuwa na jibu la kila gunia, akatazama mikono yake.

Jerusa aliinuka. Chini yake palikuwa na gunia tupu alilozoea kulikalia kwa ajili ya baridi ya ubao. Alilikung'uta mara moja, kwa nguvu, akaenda mpaka kwenye laini ya siku hiyo, ambapo gunia lake la majani lilikuwa limesimama mbele ya yote. Akalivuta lake nyuma kidogo, na mahali lilipokuwa akatandaza lile tupu.

Mizani alikohoa. Sheria ni sheria.

— Mama Quinter, gunia tupu halishiki laini.

— Litoe basi, alisema Jerusa.

Akasimama kando yake, mikono kiunoni, akiwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyenyanyuka kwenye benchi.