Kiganja cha Bwana Chokaa Ukutani

Meneja kasema barua hii ya kumuaga Bwana Chokaa niandike mimi mama wa chai. Shule yangu ni darasa la tatu, mtanivumilia.

Kwanza salamu. Mume wangu, fundi baiskeli, anakusalimu, Bwana Chokaa. Mama mkwe anakusalimu, goti bado linamsumbua. Mapacha wanakusalimu, sasa wanang'ata kila kitu. Na binti yangu mkubwa anakusalimu sana. Jumatatu anaanza kushona magunia ghala la chini, penye ukuta wako.

Bwana Chokaa ametumikia ghala letu la mbegu miaka thelathini na mitatu. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Alianza mpakuzi, akawa mtunza ghala. Ni mtu wa utani. Chai yangu aliiita maji yaliyosikia habari za majani.

Jina lake lilitoka ukutani. Kila mvua zikikaribia, jua bado linachoma, aliweka kiganja chini ukutani akakipandisha polepole mpaka ubaridi unapokoma. Hapo akapiga mstari wa chokaa, na magunia yote yakapandishwa juu yake. Mstari wa kwanza ulikuwa usawa wa kifundo cha mguu. Wapakuzi walicheka mpaka wakakaa chini. Mafuriko yakaja, yakafika mstarini, yakasimama kama mtu aliyeambiwa basi. Hakuna aliyecheka tena.

Mistari ikapanda. Magotini, kiunoni. Mwaka ule wa kifuani meneja wa zamani alisema rafu hazitoshi, magunia ya chini yabaki. Maji yalipoondoka tulifungua mlango tukakuta magunia yameota nywele za kijani gizani. Wakulima wakakosa mbegu, unga ukapanda bei, kwangu tukawa tunakula mara moja kwa siku. Wenzetu kumi na wanane wakapunguzwa. Watu wa bima walikuja, wakautazama ukuta, hawajarudi mpaka leo.

Meneja huyu wa sasa anamsikiliza. Msimu uliopita mstari ulifika mabegani, na hatukupoteza hata gunia moja. Hiyo ni kazi ya kiganja chake.

Juzi alipima mara ya mwisho, mimi nikimshikia ngazi. Kiganja kikapita kichwa chake. Akapanda mpaka kipandio cha juu kabisa, na kiganja bado kinapanda. Kisha akashuka, ndoo ya chokaa haijaguswa. Nikamwuliza, "Baba, ubaridi umekoma wapi?" Akanawa mikono, akasema, "Mama, chai ya leo imekolea."

Imekolea vipi, na majani nilikuwa sijatia?

Bwana Chokaa, asante kwa mistari yote. Tunakuombea usingizi mzito, afya, na wajukuu wa kukuchosha. Ila usiondoke kimya hivyo. Mawingu yameshaanza kukusanyika na ukuta hauna mstari. Jumatatu si mbali. Nitumie neno upesi, ubaridi unakoma wapi, nijue kama nimwache mtoto aende.

Mama Chai