Delbert Stroud na Kisima cha Nguzo za Mwerezi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, mimineni kahawa. Leo tunamkumbuka Delbert Stroud, mzee wa miaka sabini na minne, aliyefariki Jumanne iliyopita kwenye korongo la shamba lake, hapa hapa Prather Wells, magharibi mwa Texas. Delbert Stroud. Miaka arobaini na sita alihudumia visima vya mafuta.

Mlimfahamu. Pikapu nyeupe, mlango mmoja wa bluu. Alipiga soga mpaka maharage yakapoa, kisha akamlaumu mpishi. Alimchumbia Oleta mara nne. Oleta anasema mara ya nne alikubali ili tu anyamaze.

Visima vyetu vilikauka. Miaka miwili iliyopita kampuni ikaja na hewa ukaa kutoka viwandani, ikawa inaishindilia chini, kwenye mwamba ule ule tuliotolea mafuta, ikae huko moja kwa moja. Ajira zikarudi. Tukafurahi. Lakini ili isipande juu, kila tundu la zamani lazima liwe limezibwa kwa saruji. Kwa saruji, wasikilizaji.

Delbert alijua tundu moja halina saruji. Mwaka 1957 baba yake, Harlan Stroud, aliishiwa saruji, akaishiwa na subira. Kikosi chake kikashindilia nguzo za uzio za mwerezi, kikamwaga tope juu, kikaandika kwenye fomu: saruji. Harlan alimwambia mwanawe siku za mwisho za ugonjwa wake. Huyo ndiye Harlan aliyejenga kanisa letu. Jina lake liko juu ya mlango. Kwa hiyo hata kampuni ilipokuja, Delbert alinyamaza karibu miaka miwili.

Mwezi uliopita akashindwa kuvumilia. Alimfuata kijana wa kampuni mgahawani kwa Verna, watu wakiwa tele.

"Mzee Delbert, karatasi inasema saruji."

"Karatasi iliandikwa na baba yangu. Na baba yangu aliongopa."

Mgahawa ukalipuka kwa kicheko. Royce, kaka yake Oleta, akadakia: "Shemeji, hata marehemu humwachi apumzike? Kesho utasema kilizibwa kwa mikate ya Oleta!"

"Mikate ya Oleta ingezuia," Delbert akajibu. Naye akacheka. Lakini chakula hakukimaliza.

Jumanne hapakuwa na upepo hata kidogo. "Aliniambia anakwenda kusimika bendera nyekundu kwenye tundu lile, kule korongoni, hata kipofu wa kampuni aione," anasema Oleta. "Nikamwambia, baba Jolene, vaa kengele yako."

Aliivaa. Ile kengele ya kifuani inayolia ikikutana na gesi ya sumu ya visimani, ile inayonuka mayai yaliyooza. Sisi watu wa mafuta tumekuzwa hivyo: pua ikinyamaza na kengele ikinyamaza, pako salama. Hewa ukaa haina harufu. Ni nzito, hutuama makorongoni kama maji, na anayeingia humo hukosa pumzi. Kengele haikulia.

Royce alimwona kutoka ukingoni, saa nne asubuhi. Amelala kifudifudi, bendera imesimama. Alitaka kushuka, akaona sungura watatu wamekufa njiani. Akasimama.

"Nilimwita shemeji, shemeji, kama mwehu," anasema. "Mimi niliyemcheka."

Dakika arobaini alimwita, mpaka wazimamoto walipofika na mitungi yao ya hewa.

Juzi kampuni ilifukua tundu lile. Vikatoka vipande vya mwerezi.

Oleta, na wewe Jolene bintiye, poleni sana. Mji mzima unalia nanyi, na mji mzima ulicheka.

Wasikilizaji wapendwa, Harlan hakufanya kazi ile peke yake. Aliyekata zile nguzo alikuwa baba yangu. Nililijua hilo tangu zamani. Na asubuhi ile kwa Verna nilikuwa meza ya dirishani, nikacheka pamoja na wengine. Sauti mbili huenda wangezisikiliza.

Kuna tundu jingine lililozibwa kwa nguzo kama zile, nyuma ya ghala letu. Jana niliwapeleka watu wa kampuni, nikawaonyesha kwa kidole. Na wewe unayenisikia, unayejua tundu kama hilo na unalinda jina la baba yako, bendera za Delbert zilizobaki ziko kaunta kwa Verna. Nenda kachukue moja.