Nyumbani kwa Balozi

Kahawa ya Jaji ilikuwa hainyweki. Watu wote wa kijiwe kile cha Soweto, Mbeya, walilijua hilo kwenye funda la kwanza, ila hakuna aliyelisema, kwa sababu mwenye kahawa hakuwepo na Jaji alikuwa amejitolea kwa moyo mmoja. Tangawizi iliwasha mpaka masikioni, kahawa yenyewe ilikuwa haijaiva, na baridi ya kutoka mlima Loleza ilipenya katikati ya makoti kama kawaida yake. Mwenye kahawa ni Benjamini. Kijiwe kizima kinamwita Balozi, kwa kuwa alitoka Malawi zamani, akiwa kijana, akabeba mizigo sokoni mpaka akapata birika lake na jiko la mkaa pembeni ya benchi. Asubuhi ile alitakiwa ofisi ya uhamiaji. Alimkabidhi Jaji birika, akaondoka na mfuko mkubwa begani, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Benchi lenyewe ni kazi ya Sedekia, fundi seremala, Mbena wa Mafinga, mtu anayeamini kwamba ubao usiotoka msitu wa Sao Hill ni kuni tu. Wanamwita Mbao. Siku hiyo Mbao alikuwa amepiga randa ubao mzuri mpaka akauharibu, akautupa pembeni, akaja kijiweni na hasira ambayo hakujua amwelekezee nani. Alikuwa anaogopa, basi. Alimpenda Balozi, na alikuwa anaogopa kwamba jioni hatamkuta.

— Mfuko ule niliuona mimi, alisema Ramani. Huyu ni Lutengano, dereva wa bodaboda, mzaliwa wa Kyela, ambaye hajawahi kukiri kwamba kuna njia asiyoijua. — Mtu haendi ofisini na mfuko vile kama anajua atarudi. Jioni wanamfikisha mpakani Kasumulu, wanamvusha. Imeisha hiyo.

— Haijaisha, alisema Jaji, baada ya kukohoa. Jina lake ni Rabson. Aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo, na tangu hapo hatoi neno kabla ya kukohoa. — Wale vijana wa msaada wa kisheria hawakubali kirahisi.

Vijana hao ni wa shirika moja la Iringa, lenye makao yake Mlandege, ambalo lilikuja Mbeya likaazimwa chumba nyuma ya kanisa. Mtu aliyetoka Malawi, Zambia, Kongo au Burundi anaingia pale, anaeleza yake, anaelekezwa haki zake bila kudaiwa chochote. Mwanzoni mtaa uliwachungulia tu. Baadaye ukawachukua kama watoto wake. Mbao aliwatengenezea mabenchi ya watu wa kusubiri, na Mama Pendo, anayekaanga maandazi pale pale kijiweni, huwapelekea sahani kila asubuhi na kuwasema kwamba wamekonda. Jana yake mwanasheria wao, Frida, alipita kusema anahitaji mtu wa mtaani atakayekula kiapo kwamba anamfahamu Balozi. Walimchagua Mbao papo hapo. Leo Frida angekuja kumchukua, na kikao chote hiki kilikuwa cha kumwambia Mbao akaseme nini.

— Mimi ninayo, alisema Ramani. — Mto Songwe, huo wa mpakani, unahama. Si mnajua? Shamba la babu yangu lilikuwa Tanzania. Ikapiga mvua moja ya maana, tukaamka liko Malawi na mpunga wake wote.

— Sasa linamsaidiaje Balozi shamba la babu yako? aliuliza Jaji.

— Unaapa kwamba nyumba aliyozaliwa ilikuwa upande huu. Mto ukahama usiku, yeye amelala. Sasa hapo kosa la nani?

Jaji akafikiri. Akasema hoja ina uzito, tatizo ni shahidi, kwa sababu mto hauwezi kuitwa mahakamani, na hata ukiitwa utakuwa umeshahama tena. Yeye alikuwa na njia ya kisheria kabisa.

— Sisi tumemwita Balozi mbele ya watu, na yeye akaitika. Ndiyo au siyo?

— Ndiyo.

— Balozi wa nchi hakamatwi popote duniani.

— Jaji, balozi ana ubalozi. Huyu ana jiko.

— Hapo sasa. Pale lilipo jiko ndipo ubalozi. Ni eneo la Malawi.

— Kwa hiyo sisi hapa tuko nje ya nchi?

Jaji alikunywa kahawa yake mwenyewe, akakunja uso.

— Wewe uliyekaa ukingoni, kisheria, ndiyo.

Ramani alisogea kidogo kuelekea katikati ya benchi. Mama Pendo alikuwa amevumilia vya kutosha. Aligeuza maandazi, akasema wanaume wakikaa pamoja akili inapungua badala ya kuongezeka. Dawa ni ndoa tu. Mdogo wake, Juliana, hana mume, Balozi hana mke, mchungaji yuko, na mafuta ya kukaangia yapo.

— Juliana amekubali? aliuliza Ramani.

— Ataelezwa.

Walicheka, lakini kicheko kilikatika upesi. Kila mmoja aliangalia lile birika, na Mbao alishindwa kuendelea kunyamaza.

— Nitasema ni mdogo wangu, alisema.

— Nani?

— Balozi. Mama mmoja, baba mmoja. Tulikuwa tunaokota kuni Sao Hill tukiwa wadogo, akapotelea msituni. Tukamlilia, tukakata tamaa. Nikaja kumkuta hapa anauza kahawa.

— Mbena, halafu anaongea Kinyakyusa vile?

— Alipotea mbali.

Hakuna aliyecheka, maana waliona hatanii. Mbao alikuwa tayari kuinua mkono na kuapa vile vile alivyosema. Mama yake mzazi, Rozalia, yuko Mafinga na goti lake linalouma kila masika, na mtu pekee pale mjini anayemuulizia kwa jina ni Balozi. Kila asubuhi anamimina kahawa na kuuliza, mama Rozalia anaendeleaje, goti limepoa? Halafu anasubiri jibu, kikombe kikiwa bado mkononi mwake. Mbao akisema tu hajambo, kikombe hakitoki. Jaji anaulizwa presha yake. Ramani anaulizwa kifua cha mwanawe. Mtu wa namna hiyo utamwacha avushwe jioni hii kwa sababu ya ukweli?

Frida alifika wakati huo huo. Ni binti mwembamba wa Kihehe, ana sauti ya chini na haraka ya mtu mwenye watu wengi wanaomsubiri. Aliwaamkia shikamooni, wakaitikia, akapewa kikombe kwa mikono miwili, akanywa, macho yakamtoka machozi, akasema asante baba. Jaji alifurahi. Ramani, ambaye hajui kunyamaza, akamweleza mpango wote: mto, ubalozi, Juliana, na mwisho yule mtoto aliyepotelea msituni.

Frida alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwacheka.

— Baba Sedekia, alisema, ukiapa hivyo utamharibia. Yeye mwenyewe ameshawaeleza watu wa uhamiaji kila kitu. Amezaliwa Karonga, alivuka akiwa kijana, hana kibali. Hakuna aliyemkamata. Alikuja kwetu kwa miguu yake akaomba tumsaidie apate kibali cha kuishi hapa, na tukamwambia ukweli ndio utakaombeba.

— Sasa kilichomwasha ni nini, dada? aliuliza Ramani. — Si alikuwa ametulia zake?

— Anataka kwenda kwao na kurudi. Anaogopa akivuka bila kibali hataruhusiwa kuingia tena, na hapa ndipo penye maisha yake. Ameshindwa kuvuka tangu aje. Ule mfuko una blanketi. Kila akija ofisini anakuja nalo, akitegemea kwamba siku hiyo ataambiwa nenda.

Aliweka kikombe juu ya benchi, taratibu.

— Hilo ndilo nililotaka kuwauliza kabla hatujaondoka. Mara ya mwisho alipowapa habari, mama yake alikuwa anaendeleaje?

Mafuta yalichemka kwenye karai. Jaji alikohoa, ila hakikufuata kitu.

— Mama gani? aliuliza Mama Pendo.

Frida aliwatazama mmoja mmoja, na Mbao aliona kwamba binti hakuwa anawatega. Aliuliza akiamini kabisa kwamba wanajua, kama mtu anavyomuuliza jirani habari za mgonjwa wa jirani. Na wao pia walikuwa wanauliza, jamani. Kila siku ya Mungu walifika pale wakasema, Balozi, nyumbani hawajambo? Naye akajibu, tunamshukuru Mungu. Wakanyoosha mkono wapokee kikombe. Mbao alijitahidi kukumbuka hata asubuhi moja ambayo alisubiri jibu jingine, akaikosa, na uso ukamwaka moto kwenye baridi ile.

Alikwenda na Frida ofisi ya uhamiaji, alikokuwa Balozi, akala kiapo. Alisema alichokijua tu: kwamba mtu huyu anaishi nao kwa amani, kwamba wakati wa misiba yao hukesha na birika lake mpaka kuzika, kwamba hajagombana na mtu. Alipoulizwa kuhusu familia ya Balozi alisema hajui. Neno hilo lilimtoka kwa shida kuliko yote. Wakaambiwa maombi yamepokelewa, yatashughulikiwa, warudi wakiitwa. Frida alisema hiyo ni hatua nzuri. Balozi alishukuru sana, akabeba tena mfuko wake.

Mbao na Balozi walirudi kijiweni pamoja. Wenzao waliwaona kwa mbali wakasimama wote, hata Jaji. Mama Pendo alijifuta macho kwa upindo wa kanga na kusingizia moshi. Balozi alicheka kwa aibu, akaenda moja kwa moja kwenye birika, akaonja, akatazama chini kwa muda kumstahi Jaji, kisha akaimwaga kahawa yote mtaroni na kuchemsha nyingine. Akaanza kupanga vikombe. Alimuuliza Mbao kama mama Rozalia amepiga simu.

— Balozi, alisema Mbao. — Nyumbani hawajambo?

— Tunamshukuru Mungu.

Alimpa kikombe, bado kitupu, ajishikie kusubiri. Mbao alikipokea, akakiweka chini.

— Hapana, ndugu yangu. Nakuuliza. Mama anaendeleaje?

Balozi alibaki ameinama juu ya jiko. Hajawahi kukaa kwenye benchi lile. Siku zote husimama, awahudumie. Ramani akasogea, Jaji akasogea, na pakapatikana nafasi katikati. Mbao alimshika mkono akamkalisha, mfuko wa blanketi ukiwa mapajani.

— Haoni tena, alisema Balozi. — Mwaka jana alikuwa anaona kidogo. Sasa ananijua kwa sauti tu, kwenye simu. Anaitwa Tupokigwe.

Birika lilichemka, kahawa ikafurika ikazima mkaa upande mmoja, na hakuna aliyeinuka.