Mgongo wa Seremala Tuliyemwita Kwanza Wewe

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba utulivu wenu, niwasomee maisha ya kaka yetu seremala, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kwanza Wewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika chumba kilicho nyuma ya kiwanda cha mbao, ambako baba yetu alikuwa mlinzi, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1970, kisha akaingia karakana ya mjomba, alikojifunza kupiga randa, kuunga mbao na kutomwamini mtu, kwani mjomba alikuwa akilala na misumeno yake kitandani. Mjomba alipofariki, mwaka 1980, alimwachia meza yake ya kazi, na tarehe 8 Agosti 1981 marehemu akafunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1994, akiinua kabati, mgongo ulimkaza, na tangu hapo maumivu yakawa yanakuja na kuondoka bila kubisha hodi. Alitafuta tiba kila mahali, lakini kwanza aliihoji: muuza dawa alitakiwa ameze kidonge mbele yake, mkandaji avue shati aonyeshe mgongo wake mwenyewe, na picha ya eksirei aliirudisha hospitali, akidai mifupa ile ni ya mtu mwingine, tena mzee. Ndipo likazuka jina hilo.

Shemeji alimpeleka kwa tabibu wa viungo, naye akamweleza kwamba meza ya mjomba ni fupi mno kwa kimo chake, ainyanyue, asishinde ameinama. Marehemu alishuku kuna njama ya kuuharibu urithi wake wa pekee, akasema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa wiki kadhaa hakugusa chakula mpaka shemeji aonje kwanza, jambo lililomuumiza sana dada wa watu.

Mwaka 2003 hakuweza hata kufunga viatu, karakana ikawa mbioni kufungwa, ndipo shemeji, aliyeturuhusu kuyasema haya leo, akaanza kupachika vibao vyembamba chini ya miguu ya meza, kidogo kidogo, kila mumewe alipopeleka kazi kwa wateja. Mgongo ukalegea, marehemu akausifu mkanda wa mgongo aliokuwa ameununua, na shemeji akausifu pia. Sisi tulishuku kwamba anajua, maana ni seremala gani asiyeijua meza yake, ila hakuuliza kamwe, na kwa mtu kama yeye hilo halikuwa jambo dogo.

Juni 2021 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa tarehe 3 Novemba, na asubuhi ya tarehe 9 aliikataa mito ya wodini, akamwomba mkewe apande kitandani akae nyuma yake, akamwegemea kwa uzito wake wote, bila kugeuka kumtazama anafanya nini, na hivyo ndivyo alivyokata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake waliolichonga jeneza hili, na tabibu wa viungo, ambaye familia inamwomba radhi.

Kaka, nyoosha mgongo sasa. Pumzika kwa amani.