Meza ya Kukatia Itoke Chumbani

Sogeeni wanangu, sogeeni karibu na kitanda, maana sauti yangu leo haifiki mbali, na sitaki mtu aje kusema baadaye kwamba hakusikia vizuri. Wewe mwalimu, kitinda mimba wangu, shika daftari uandike, na uandike kama ninavyosema, usinisahihishe kama wanafunzi wako. Wewe mkubwa, acha kutazama saa, malori yako yana matairi lakini hayatatoroka. Na wewe binti yangu, fundi wangu, kaa hapa mbele niuone uso wako, kwa kuwa mengi ya leo yanakuhusu wewe, na baadhi yake hutayapenda.

Mimi naondoka. Daktari anazungukazunguka na maneno, lakini mtu anaujua mwili wake, na huu wangu umeshaniaga. Siogopi. Nimeishi, nimefanya kazi, nimewaona mkiwa watu wazima, na kilichobaki ni kuyaweka mambo mahali pake kabla hamjaanza kuyavutana.

Tuanze na vitu, maana vitu ndivyo vinavyogombanisha ndugu. Kiwanja chenye ukuta ni cha mkubwa, aegeshe malori yake aache kuziba njia ya majirani. Nyumba hii ni yenu watatu, na atakayekwama kimaisha arudi alale humu bila kuulizwa maswali. Jina la duka na wateja wa sare za shule ni vya binti yangu, kavitolea jasho. Mwalimu atachukua ile nyumba ndogo ya uani na vitabu vyote, kwani hakuna mwingine kati yenu anayevifungua.

Lakini karakana ya mbele, yenye vyerehani kumi na viwili na kile chumba cha kulazia watoto wachanga, siwaachii. Naam, mkubwa, nimekuona ulivyokunja uso. Najua yule muuza vipuri alikuja juzi kupima upana wa mlango kwa hatua zake, nanyi mkanong'ona mkidhani nimelala. Ugonjwa uko kifuani, wanangu, masikio hayajambo. Karakana ni ya akina mama wanaoshona humo na wale watakaokuja na watoto mgongoni, na isiuzwe wala isipangishwe maadamu kuna mama mmoja anayekanyaga cherehani humo huku mwanawe amelala chumba cha pili. Mwalimu, andika hapo, upige mstari.

Sasa mtaniuliza kwa nini, na mimi nitawajibu, ingawa jibu lenyewe linaniumbua. Mficha uchi hazai.

Nilikuja mtaa huu na mkubwa akiwa mgongoni, hajaota hata jino. Baba yake alikuwa ametoka kwenda kununua kiberiti, na nadhani mpaka leo bado anachagua. Nikazunguka mlango kwa mlango nikiomba kazi, na kila mtu akimwona mtoto anatikisa kichwa, mpaka nikafika kwa fundi mzee aliyenipa kazi ya kupinda pindo na kutia vifungo. Alikuwa mtu mwema, alimruhusu mtoto alale juu ya vitambaa. Ila fundi yule alikuwa akikata nyuma ya pazia. Sisi tulipokea vipande vimeshakatwa, tukaunga. Ukimuuliza anakujibu, "Wewe shona, mkasi una wenyewe." Nikakaa miaka mitatu najua kushona kila kitu na siwezi kutengeneza hata kitu kimoja, kwa sababu anayejua kushona bila kujua kukata ni mfanyakazi wa mwenye kujua kukata, siku zote. Basi nikachukua sindano nikatoboa pazia, nikawa nachungulia. Mkasi wangu niliupata kwa tundu, wanangu. Niliiba.

Na mwizi ndiye anayejua kufunga mlango. Nilipofungua karakana yangu nilisema nitawachukua akina mama walioachwa, waliofiwa, waliofukuzwa, wasiokuwa na pa kushika, nami nikafanya hivyo kweli, hilo halina ubishi na silionei haya. Niliwapa kazi, niliwatengea watoto chumba, na mama aliyetimiza miaka minne nilimpa cherehani chake mwenyewe akaanze biashara, watu wakapiga makofi, wakaniita mkombozi wa akina mama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Meza ya kukatia niliiweka kwenye chumba chenye kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, kisha shingoni mwa binti yangu, ambapo nauona hata sasa. Hakuna hata mama mmoja aliyetoka kwangu akijua kukata.

Mnakumbuka zile Jumatatu? Walikuwa wanarudi, kila mmoja na furushi lake kichwani, wanapanga foleni mlangoni niwakatie kazi za wateja wao. Nilikuwa nikiitazama ile foleni na moyo unanikunjuka, nikijiambia, tazama wanavyonipenda. Nyani haoni kundule. Hawakuwa wakinipenda. Hawakuwa na pa kwenda. Niliwapa vyerehani nikabaki nimeshika kamba.

Mmoja wao alikuwa Mama Pacha. Huyo hakusubiri Jumatatu. Alinunua gauni moja la mkono wangu, akalifumua mshono kwa mshono, akatandaza vipande juu ya gazeti, akavichora, akakata la kwake. Akaniletea, mwenye furaha, anataka nimwone. Lilikuwa gauni la maua, limekaa vizuri mabegani, kiuno kimeitika, isipokuwa mgongoni alikigeuza kitambaa, maua yote yakaelekea chini. Kosa dogo, kosa la kila anayeanza, mimi mwenyewe nililifanya mara mbili. Ningemwambia, "Mwanangu, kwanza tazama kitambaa kinaangalia wapi," basi, ingekwisha. Badala yake nililiinua mbele ya wote nikasema, "Njooni muone bustani inayoota kuelekea kuzimu!" Wakacheka. Wengine walicheka kwa woga, nilijua. Wewe binti yangu ulicheka kuliko wote, na sikulaumu, ulikuwa unamfuata mama yako. Mama Pacha alilikunja gauni lake taratibu, akawabeba watoto wake, mmoja mbele mmoja nyuma, akaondoka. Hakurudi tena Jumatatu hata moja.

Miaka tisa nikawaambia watu kwamba yule ni mtovu wa shukrani. Nanyi nikawakataza kumsalimia. Hiyo chuki naifuta leo, haina urithi.

Mwaka jana nilimkuta kwenye benchi la zahanati. Akanipisha nikae, akaniamkia, "Shikamoo mama," kama vile hakuna kilichotokea. Akaniambia ana duka lake karibu na kituo cha maji, na wenzake sita, wote wenye watoto wadogo. Nikamuuliza, nikitaka kumchokoza, "Na wewe unawakatia siku gani?" Akasema, "Siwakatii, mama. Mkasi nawashikisha wiki ya kwanza. Wanaharibu shuka kuukuu mpaka mkono unazoea." Alisema bila kejeli, na hapo ndipo iliponiuma. Watu sita, wanangu, na wote wanasimama wenyewe. Mimi nimepitisha zaidi ya hamsini. Nilitaka kumwomba radhi palepale, kiburi kikanifumba mdomo, nikajifanya naitwa na muuguzi.

Basi hilo ndilo deni ninalolala nalo. Binti yangu, kesho asubuhi utakwenda kwake, uingie kwa mlango wa mbele, na wenzake wawepo, useme, "Mama alikosea na mimi nilikosea." Usiongeze "lakini". Kisha umwombe aje siku moja kwa wiki mfundishe pamoja. Akikataa, ana haki, mshukuru urudi.

Najua unachotaka kusema. Umekisema mara nyingi: tukiwapa mkasi, sisi tutakula nini? Mwanangu, maadamu watu wanazaliwa uchi, fundi hodari hakosi kazi. Wewe mkono wako ni mzuri kuliko wangu, nakuambia leo kwa sababu sijawahi kukuambia, na mtu mwenye mkono kama huo hahitaji kufuli. Wataharibu vitambaa, ndiyo. Wengine watafungua duka mkabala na lako, ndiyo. Wasalimie. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Nipe maji... Asante. Inatosha.

Sasa, mimi nawajua wanangu. Ahadi ambayo mtu humpa mgonjwa huzikwa pamoja na mgonjwa. Kwa hiyo sitaki ahadi. Mkubwa, mwalimu, weka kalamu, inukeni wote wawili mkaitoe ile meza chumbani mkaiweke katikati ya karakana, penye mwanga, sasa hivi, nikiwa bado nasikia. Binti yangu, vua ufunguo. Vua, mama. Usilie, mwanangu, hunyang'anywi kitu, unapumzishwa ulinzi.

Nawasikia. Iinamisheni upande, mnaigonga kwenye mlango... haya, imepita.

Rudini. Sina maneno mengi yaliyobaki. Mungu awape kazi ya kuwachosha na usingizi wa kuwapumzisha. Msinyimane. Mtakapogombana, na mtagombana, isipite siku ya pili kabla mmoja hajabisha hodi kwa mwenzake. Watoto wenu wawazike, nanyi msimzike hata mmoja wao. Nawapa radhi yangu yote, wala sikubakiza.

Kuna jambo moja... ngoja nivute pumzi. Chini ya kitanda kuna kitambaa cheupe, nilikinunua mwenyewe, kizuri, cha gauni langu la mwisho. Nilidhani utanikatia wewe, binti yangu. Hapana. Yuko yule msichana aliyekuja wiki iliyopita, mwenye mtoto wa miezi miwili, anayeogopa hata kuuliza choo kiko wapi. Mwiteni. Mtoto wake nileteeni hapa, alale ubavuni kwangu... hivyo. Mpeni mkasi mkubwa. Atasema hajui, mwambieni kitambaa ni changu na nimeruhusu. Simama karibu naye, binti yangu, umwelekeze, ila usimshike mkono. Akate yeye... Nataka nisikie anaanza.

Akikosea, nitalivaa hivyo hivyo.