Springi Laini, na Nati Nne Nilizozikaza Mimi

Baada ya miaka thelathini na tatu na miezi minne ya kulala chali chini ya magari ya watu, fundi wetu wa springi anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 29 ya mwezi huu. Nusu ya wateja hawajui jina lake jingine zaidi ya Mzee Taratibu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, msimamizi wa karakana, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu. Wametaka ukurasa mmoja, wenye vichekesho, usiomliza mtu. Vichekesho vipo. Hayo mengine siwaahidi.

Mzee Taratibu aliingia hapa kama mwosha vipuri. Alikaa na ndoo ya mafuta ya taa na brashi mwaka mzima, kisha akapelekwa kwenye matairi, na hatimaye kwenye springi, ambako alijikita kama mtu aliyefika kwao. Jina alijipatia mwenyewe. Neno “taratibu” alimwambia mteja mwenye haraka, alimwambia fundi anayepiga nyundo, na siku moja alimwambia meneja katikati ya hotuba ya kufunga mwaka, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Gari la wagonjwa ambalo wauguzi walikuwa wanalikimbia kwa mitikisiko, yeye ndiye aliyelituliza. Muuguzi mkuu alikuja mwenyewe kushukuru, akasema sasa anaweza kumchoma mgonjwa sindano njiani bila kukosa mshipa.

Kazi iliyompa sifa kuliko zote, na iliyomwumiza kuliko zote, ni lile gari dogo jekundu la michezo, la viti viwili, la daktari wa meno. Wazee wa karakana mnalikumbuka. Lilikuwa la marehemu baba yake, gari la zamani kweli, lililotengenezwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Likapitia kwa kaka wa daktari huyo, mpenda mashindano ya magari, naye akalichokonoa: springi akazikata vipande viwili ili gari lilale chini, shokomzoba, vile vizuia mitikisiko, akaweka ngumu za uwanjani kwenye mashindano, rimu pana, matairi membamba kama mkanda. Lilipendeza, Mungu anajua. Lakini ukilipanda ukavuka tuta moja tu, meno yote yanagongana, na labda ndiyo maana lilimfaa daktari wa meno.

Daktari hakulileta kwa ajili yake. Mama yake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo, na kitu kimoja alichokuwa akikiomba ni kupanda tena gari la mumewe, walau mara moja, kwenda kulizuru kaburi lake. Daktari alitaka gari liwe laini, ila lisiinuke hata kidogo, maana mama amelizoea likiwa limeinama. Mzee Taratibu hakumbishia. Alimwuliza tu kwamba jino moja likichongwa likawa fupi mno, mgonjwa anatafunaje. Daktari akacheka, akakubali gari liinuke vidole viwili.

Ilichukua wiki tatu. Aliondoa zile springi zilizokatwa akaweka ndefu na laini zaidi, akatoa shokomzoba za uwanjani, akashusha rimu saizi moja ili matairi yapate mwili wa kumeza mashimo. Jioni baada ya kazi alilijaribu gari kwa kumpakia mama mkwe wake. Kama mnavyojua, mama mkwe hawezi kumlalamikia mkwewe waziwazi, basi yeye aliangalia mkoba wa bibi huyo. Bibi akiukumbatia kwa mikono miwili, springi bado ngumu. Siku alipouweka mkoba miguuni na kuanza kusimulia habari za jirani, Mzee Taratibu alijua amefika.

Ilibaki hatua moja tu, nayo lazima niieleze, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kwenye mikono ya chuma inayoshika magurudumu kuna bushi, vipande vya mpira vinavyobanwa kwa nati. Nati hizo hazikazwi gari likiwa limening’inia kwenye jeki. Unalishusha kwanza likanyage chini juu ya shimo la karakana, unaketisha watu wawili vitini, ndipo unaingia shimoni kukaza. Ukikaza likiwa hewani, mpira unashikwa vibaya, na gari likishuka linabaki limekakamaa hata uliwekee springi za godoro. Alikuwa amebadilisha bushi mpya, nati nne akaziacha legelege, akaniachia mimi, wakati huo fundi mwenzake, maagizo ya kuzikaza. Siku hiyo alikuwa amempeleka mkewe hospitali.

Mimi nilikuwa na haraka. Daktari alikuwa amepiga simu kwamba anakuja saa nne, shimo lilikuwa na lori, na nilijisemea kwamba huyu mzee naye anazidi kwa mambo yake. Nikazikaza nati nne gari likiwa hewani. Kisha nikafanya jambo ambalo ni fundi wa hapa tu anayeweza kulifanya. Kwetu kila fundi ana rangi yake ya kuweka alama kwenye nati aliyoimaliza: yangu ni buluu, yake ni njano. Nilichovya brashi kwenye kopo la njano. Sikukusudia ubaya, niliona kazi ni yake, basi na alama iwe yake. Ndivyo nilivyojiambia.

Gari lilifika nusu ya njia. Mama wa watu aliomba ashushwe kwa maumivu, akakaa kwenye benchi nje ya duka la vitabu mpaka teksi ikaja. Hakufika kaburini siku hiyo. Kesho yake asubuhi daktari alilirudisha gari hapa karakanani akifoka, tukaliweka juu ya shimo, na meneja akashuka shimoni mwenyewe na tochi. Akaona njano. Mzee Taratibu akashuka baada yake, akagusa bushi moja kwa kidole gumba, akapanda. Hakunitazama. Meneja aliuliza nani alizikaza nati zile. Akajibu, “Rangi ni yangu.”

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Ningesema neno moja, yangeisha.

Sikusema. Yeye akazilegeza nati zote nne, gari likiwa pale pale juu ya shimo, akaomba watu wawili waketi ndani wawe uzito. Mmoja wa wale wawili nilikuwa mimi. Nilikaa kwenye kiti cha ngozi, mikono mapajani kama mgeni, yeye akiwa chini yangu akikaza upya kosa langu, na nikasikia spana inavyolia. Nimewahi kuona aibu maishani, lakini ile haijatoka mwilini mpaka leo.

Mwezi mmoja baadaye mama alikubali kujaribu tena. Daktari alitusimulia kwamba walipofika makaburini ilibidi amwamshe, alikuwa amesinzia. Karakana nzima ilipiga makofi, na mimi nikapiga. Lakini barua ya onyo ilikuwa tayari kwenye faili la Mzee Taratibu. Mwaka ule nafasi ya msimamizi wa karakana ilikuwa wazi, na kila mtu alijua ni ya nani. Mwenye barua ya onyo hapandishwi cheo. Wakanipa mimi. Miaka tisa nimekaa kwenye ofisi yenye dirisha, nikimwona kupitia dirisha hilo akiinama na kuinuka, na mara zote alipopita alinisalimia vizuri. Afadhali angenitukana.

Mwezi uliopita ililetwa mezani kwangu fomu ya cheti cha utumishi bora, ile anayojaza msimamizi. Swali la sita linauliza kama mtumishi amewahi kupewa onyo. Akiwa nalo, hapati. Nilishika kalamu nikaandika “ndiyo,” kwa mkono wangu huu, na nikaipeleka. Mtu akiambiwa ana uso mkavu, basi ndio huo. Siku ya tatu nilipanda kwa meneja nikamweleza kila kitu, tangu jeki mpaka kopo. Barua imeondolewa, fomu imejazwa upya, na mwenzetu atakabidhiwa cheti chake Ijumaa. Kuhusu mimi, uongozi utaamua, na sitalalamika. Cheo cha miaka tisa hakuna anayeweza kumrudishia.

Jumamosi nilikwenda kwake. Shemeji alitukaribisha chai, akatuachia sebule. Nilizungumza kwa muda mrefu, nikaeleza haraka niliyokuwa nayo, lori, simu ya daktari, nikazunguka weee. Alisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Akaniambia siku ile alinisubiri mpaka saa kumi jioni, akijua nitakwenda kusema mwenyewe. Kesho yake akasubiri tena. Kisha barua ikaja, na akaona kwamba akizungumza yeye, ataonekana mzee anayemsingizia kijana ili apate cheo. Nikamwomba ruhusa niyaandike haya badala ya kumvika kilemba cha ukoka kwenye jarida.

“Andika, mdogo wangu,” alisema. “Ila usije ukaandika kwamba nimekusamehe. Mpaka leo hujaniomba.”

Nilitaka kumbishia. Nikarudia moyoni yote niliyomweleza, kuanzia chai ya kwanza, na kweli: nilikuwa nimejieleza, nimejilaumu, nimejitetea, lakini kuomba sikuwa nimeomba. Nilitoka pale nimeinamisha kichwa, na nilipofika nyumbani nikaanza kuandika.

Wenzangu, mkisoma haya mtakuwa mmekaa ukumbini, na mwenyewe atakuwa ameketi mbele. Sitamtaka ajibu, wala msimshangilie ili ajibu. Tunamshukuru kwa kila mgonjwa aliyelala salama njiani na kila mgongo uliopumzika. Tunamtakia yeye na shemeji asubuhi zisizo na kengele ya kazi, afya njema, na watu wakweli karibu yake, zaidi ya nilivyokuwa mimi.

Mzee Taratibu, nati zile nilizikaza mimi, na nilinyamaza wewe ukiadhibiwa. Nisamehe.